Kufikisha Kero za Ulinzi na Usalama Bungeni: Mwongozo kwa Watendaji, Wenyeviti na Makatibu wa Wabunge

Mwongozo huu umeandikwa kwa watu wanaopokea malalamiko ya usalama kabla ya mtu mwingine yeyote: mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa au kijiji, mwenyekiti, na katibu wa mbunge anayebaki ofisi ya jimbo wakati mheshimiwa yuko Dodoma. Hao ndio wanaogongewa mlango alfajiri na mama aliyeporwa simu njiani akienda sokoni. Ndio wanaoitwa ng'ombe wanapoibwa, na ndio wanaosimamishwa mkutanoni kujibu kwa nini kituo cha polisi kilichochangiwa na kila kaya bado hakijaezekwa. Wanavyoyapokea malalamiko hayo siku za mwanzo ndivyo yatakavyofika Bungeni: yakiwa hoja yenye ushahidi, au yakiwa kilio ambacho waziri anaweza kukijibu kwa sentensi moja na kuketi.

Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inampa mbunge nafasi ya kumwuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 146 inazitaka serikali za mitaa zihakikishe utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Mtendaji anayeandika taarifa ya usalama na kuipandisha ngazi ya juu hafanyi siasa, wala hawasemi polisi vibaya. Anatimiza wajibu aliopewa na Katiba. Nalitanguliza hili kwa sababu watendaji wengi hunyamaza wakihofia kuonekana wanaichafua wilaya, na ukimya huo huwaumiza wananchi wasio na mtu mwingine wa kuwasemea.

Kabla ya Bunge, kituoni

Swali la Bungeni halimwokoi mtu anayevamiwa usiku. Jambo la dharura lipelekwe kwa simu ya polisi 112, moto kwa 114, ukatili dhidi ya mtoto kwa 116, na madai ya rushwa TAKUKURU kwa 113. Namba hizi zibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya mtaa kwa maandishi makubwa, kwa sababu ofisi hufungwa jioni na matukio mengi huanza wakati huo.

Aliyejeruhiwa asaidiwe kupata fomu ya polisi PF3 na kufika hospitali haraka. Aliyebakwa, au aliyepigwa na mwenza wake, aelekezwe Dawati la Jinsia na Watoto, ambako ataongea na askari aliyefunzwa kusikiliza mambo kama hayo mahali pa faragha. Asiambiwe aende nyumbani yakamalizwe kifamilia. Kila anayeripoti tukio atoke kituoni na namba ya RB. Bila RB, tukio hilo halimo katika kumbukumbu za polisi, na mbunge akilitaja Bungeni waziri ataweza kusema kwa haki kabisa kwamba taarifa hiyo haijafika kituoni.

Yapo mambo mawili yasiyoruhusu kusubiri ratiba ya Bunge. La kwanza ni mtu aliyekamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au aachiwe kwa dhamana ya polisi. Na kwa makosa mazito, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Dhamana hiyo hailipiwi. La pili ni mtu asiyejulikana alipo. Familia isaidiwe kufungua taarifa kituoni siku hiyo hiyo, kuandika jina la askari aliyewapokea na saa, na kutafuta msaada wa wakili, kwa kuwa Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru mtu anayeshikiliwa afikishwe mbele yake. Katibu wa mbunge anayejibu kwamba "tutaliuliza mkutano ujao wa Bunge" anawapotezea watu hao saa za thamani kuliko zote.

Daftari la matukio

Kazi kubwa zaidi inafanyika katika daftari la kurasa mia, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Kila mtaa na kila kijiji kiwe na daftari la matukio ya usalama, tofauti na daftari la wageni na tofauti na muhtasari wa vikao. Kwa kila tukio andika tarehe, saa, mahali kwa alama inayojulikana, aina ya tukio, namba ya RB kama ipo, na kilichofanyika baadaye. Majina ya walalamikaji yakae katika daftari la pili linalofungiwa kabatini. Katika daftari la kwanza tumia namba tu.

Namna ya kupokea malalamiko ina uzito wake. Mtu anayetetemeka hawezi kutoa maelezo kwa mpangilio, na mzee aliyeibiwa mifugo yake yote hataki kuanza na namba ya simu. Mkaribishe aketi, umpe pole, umwache aseme mpaka amalize, ndipo uulize: "Pole sana, mama. Ilikuwa saa ngapi? Mlikuwa mmefika wapi?" Msomee ulichoandika kabla hajaondoka. Mara nyingi atasahihisha mahali au saa, na sahihisho hilo ndilo litakaloonyesha tatizo liko wapi.

Tuchukue mfano wa kata moja ya mjini, wa kufundishia tu, ambao tutaendelea nao hadi mwisho. Mwenyekiti anamwandikia mbunge: "Hali ya usalama katika kata yetu ni mbaya sana, vibaka wamezidi, tunaomba kituo cha polisi." Maneno haya ni ya kweli, lakini hayambebi mbunge mbali. Daftari la kata hiyo hiyo likisomwa vizuri linasema hivi: katika miezi mitatu yameandikwa matukio 19 ya uporaji, 14 kati yake yametokea kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri kwenye njia moja ya kwenda stendi, 9 yana RB, na waathirika wengi ni akina mama wauza mboga na abiria wa mabasi ya mapema. Sasa tunajua ni saa ngapi, ni njia ipi, na ni nani wanaoumia. Tunajua pia kwamba matukio 10 hayana RB, na hilo nalo linahitaji maelezo: je, waathirika hawakwenda kwa sababu kituo kiko mbali, au walikwenda wakaambiwa warudi kesho?

Tahadhari moja kuhusu hesabu hizi. Takwimu rasmi za uhalifu hutolewa na Jeshi la Polisi kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hesabu ya mtaa iitwe kwa jina lake: "matukio yaliyoandikwa katika daftari la mtaa." Usiandike kwamba uhalifu umeongezeka kwa asilimia fulani iwapo daftari lenyewe lilianzishwa mwaka huu. Mbunge akipinga takwimu za waziri kwa hesabu isiyoeleweka imetokea wapi, mjadala utahamia kwenye hesabu na wauza mboga watasahaulika. Idadi ya watu wa kata ichukuliwe katika Sensa ya 2022, maana ndiyo inayokubalika pande zote.

Kero hii ni ya wizara gani?

Watu wakisema usalama, wanawaza polisi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi inasimamia Jeshi la Polisi, Magereza, Uhamiaji, na Zimamoto na Uokoaji. Lakini kero nyingi zinazoitwa za usalama mtaani zina mlango mwingine. Katika mfano wetu, njia ya stendi haina taa, na taa za barabara za mitaa ni kazi ya TARURA iliyo chini ya TAMISEMI. Ajali za kila mara kwenye kona moja ya barabara kuu ni za TANROADS na Wizara ya Ujenzi kabla hazijawa za askari wa usalama barabarani. Tembo wanaovamia mashamba na kuua watu ni wa Maliasili na Utalii. Watoto wanaolala vibarazani wahusishwe na Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Kesi zinazoahirishwa mpaka mashahidi wanachoka zinakwenda Katiba na Sheria. Ugomvi wa wakulima na wafugaji huwa na mizizi katika ardhi na malisho, na polisi huitwa wakati damu imeshamwagika.

Swali likipelekwa kwa wizara isiyohusika, jibu litakuwa kwamba suala hilo liko chini ya wizara nyingine, na nafasi ya mbunge imekwisha. Katibu agawe kero moja katika sehemu zake mapema. Uporaji wa alfajiri katika mfano wetu unazaa maswali mawili: la doria kwa Mambo ya Ndani, na la taa kwa TAMISEMI.

Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo kero kuhusu Jeshi la Polisi huko Pemba na Unguja inaulizwa katika Bunge la Muungano Dodoma. Zimamoto ya Zanzibar iko chini ya Serikali ya Mapinduzi, na mambo yake yanasemewa katika Baraza la Wawakilishi. Sheha anayepokea malalamiko ya wananchi wa shehia yake anapaswa kujua kama yanakwenda kwa mbunge au kwa mwakilishi, maana mara nyingi wote wawili wanaishi mtaa mmoja na kila mmoja hudhani mwenzake amelichukua.

Ngazi za kupitia

Waziri akipata swali huagiza maelezo kutoka chini: kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa (RPC), kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD). Ikiwa OCD anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza kutoka Dodoma, atajibu kwa kujihami, na jibu hilo ndilo litakalosomwa Bungeni. Kwa hiyo kero ipite kwanza katika mkutano wa mtaa au mkutano mkuu wa kijiji, iingizwe kwenye muhtasari, ijadiliwe na Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, kisha iandikwe barua kwa OCD na nakala kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Jambo likiwa limesemwa huko, anakwenda Dodoma akiwa na kumbukumbu rasmi mkononi.

Askari wa karibu zaidi ni Mkaguzi wa Polisi wa Kata, ambaye wengi humwita polisi kata. Mshirikisheni tangu daftari linapoanza. Mara nyingi afande huyo anajua kila kitu kilichoandikwa humo na amekwisha kuomba pikipiki au mafuta ya doria bila kupata. Swali linaloonyesha mahitaji yake linamsaidia, na atakuwa wa kwanza kutoa maelezo ya kweli yatakapoombwa.

Angalieni pia mipaka. Mikoa ya kipolisi hailingani kila mahali na mikoa ya utawala. Dar es Salaam ni Kanda Maalumu yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Tarime na Rorya, ndani ya Mkoa wa Mara, zina mkoa wao wa kipolisi, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kufuatilia wizi wa mifugo huko anazifahamu. Rufiji nayo ilifanywa mkoa wa kipolisi mwaka 2017. Barua iliyopelekwa kwa kamanda asiyehusika hukaa wiki kadhaa bila kujibiwa.

Kuhusu sungusungu na vikundi vya ulinzi shirikishi: sungusungu walitambuliwa kisheria mwaka 1989 kupitia marekebisho ya sheria za mgambo, na wana uwezo wa kukamata. Hawana uwezo wa kupiga, kutoza faini wala kuhukumu. Ikiwa katika taarifa yenu kuna mtu aliyeumizwa mikononi mwa kikundi cha ulinzi, andikeni hilo pia. Kata inayoficha kosa la walinzi wake haitaaminiwa itakapolalamikia wahalifu.

Majina ya watu

Hapa nawaomba wasomaji wasome polepole. Kati ya 2016 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti wa vijiji, vitongoji na watendaji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja eneo la Mkengeni, Kibiti. Waliolengwa walikuwa watu wa ngazi hii hii tunayoizungumzia: wanaojua nani ni mgeni kijijini, wanaokutana na polisi, wanaoandika. Tangu hapo hakuna sababu ya mtendaji kuona ulinzi wa majina kama urasimu.

Jina la mtoa taarifa lisionekane katika barua, katika muhtasari wa kikao, wala katika ujumbe wa simu unaotumwa kwenye kundi la viongozi wa kata. Jina la mwathirika wa ubakaji lisitajwe kabisa, wala lisitolewe kwa kuzungukazunguka kama "binti wa fulani anayeuza chapati karibu na shule." Jina la mtuhumiwa libaki polisi na mahakamani. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinawapa msingi wa kukataa mnapodaiwa orodha ya majina na mtu asiyestahili kuwa nayo, hata awe mkubwa.

Mbunge ana kinga. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wake wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Kinga hiyo haimfuati mwenyekiti wa mtaa aliyeandika barua, wala shahidi aliyetajwa ndani yake. Hotuba ikishasomwa inaingia kwenye Taarifa Rasmi ya Bunge (Hansard) na inabaki humo miaka yote. Katibu asome kila sentensi akijiuliza ni nani kijijini atakayetambuliwa kwayo. Aondoe pia mambo yanayowasaidia wahalifu: saa ambazo kituo hakina askari, njia ambayo doria haipiti, idadi ya silaha. Mambo hayo mbunge amwambie waziri au kamanda ana kwa ana, au kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama iyapokee katika vikao vyake.

Malalamiko dhidi ya askari mwenyewe yana njia yake. Yapelekwe kwa maandishi kwa OCD au Kamanda wa Mkoa, na pale yasiposikilizwa, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mtu akifia mikononi mwa polisi, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka uchunguzi ufanyike. Bungeni, kifo kama hicho kiulizwe kama jambo la mfumo: uchunguzi umefanyika? Umekamilika? Hatua gani zimefuata? Jambo lililo tayari mahakamani halijadiliwi Bungeni, na mbunge anayelileta atazuiwa na kiti kabla hajafika katikati.

Kuandika swali

Swali la Bungeni ni fupi, halina mabishano ndani yake, na linaelekezwa kwa waziri mmoja. Linatolewa kwa maandishi mapema ili wizara iandae jibu. Likishajibiwa, mbunge aliyeuliza hupata nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na wengine wanaweza kuongeza la kwao. Makatibu wengi hutumia nguvu zote kwenye swali la msingi na kumwacha mheshimiwa abuni ya nyongeza akiwa amesimama. Mimi nashauri kinyume: swali la msingi liwe jepesi, na maswali mawili ya nyongeza yaandaliwe kwa uangalifu kutoka kwenye daftari, kwa sababu hapo waziri hana karatasi iliyoandaliwa.

Swali lililozoeleka ni hili: "Je, ni lini Serikali itajenga Kituo cha Polisi katika Kata ya fulani?" Jibu lililozoeleka nalo mnalijua: kitajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Neno "lini" linampa waziri nafasi ya kutotaja tarehe. Kwa kata ya mfano wetu, swali liwe: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuimarisha doria za alfajiri katika njia ya kwenda stendi ya Kata ya fulani, kufuatia maombi yaliyowasilishwa kwa OCD kwa barua ya tarehe fulani?" Sasa wizara italazimika kuitafuta barua ile. Nyongeza ya kwanza itaje matukio 14 na saa zake, kisha iulize kama waziri yuko tayari kuagiza doria hiyo ianze mwezi huu huku mipango ya kituo ikiendelea. Nyongeza ya pili iulize kwa nini matukio 10 kati ya 19 hayana RB. Waziri anaweza kukubali papo hapo mambo haya mawili bila kusubiri bajeti, na ni mambo ambayo wananchi wataona wenyewe kama yametekelezwa.

Si kila kero inafaa kuwa swali. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, lakini hayo ni ya sera, kwa hiyo njia moja ya stendi haifai huko. Tabia ya nchi nzima, kama vile pikipiki za bodaboda zinazoshikiliwa muda mrefu vituoni mpaka zinachakaa, inafaa. Jambo la ghafla lenye maslahi kwa umma linaweza kuombewa hoja ya kuahirisha shughuli za Bunge ili lijadiliwe. Spika huipima kwa ukali, na mbunge aliyejiandaa kwa dakika chache zenye tarehe na mahali ana nafasi bora kuliko anayepaza sauti.

Halafu kuna bajeti, na hapa ndipo fedha zilipo. Mkutano wa Novemba hujadili mapendekezo ya mpango na bajeti ya mwaka unaofuata. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Jeshi la Polisi lina fungu lake, Fungu 28. Ombi lenu lisipokuwa ndani ya mipango ya polisi ya wilaya na mkoa kufikia mwanzoni mwa mwaka, mbunge atakuwa anaomba Mei kitu ambacho hakijaandikwa popote. Lakini kama limeandikwa na likaachwa, anaweza kushika shilingi ya waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha, na wabunge wenzake wakamuunga mkono. Ili afanye hivyo, awe na ukurasa mmoja mbele yake, si bahasha ya nyaraka thelathini.

Maboma ya vituo

Karibu kila wilaya ina boma la kituo cha polisi lililojengwa kwa nguvu za wananchi likasimama kwenye linta. Watu walichanga matofali, mchanga, fedha za mazao. Majani yameota ndani. Ni jambo linalouma, na hasira yake huwa ya haki.

Boma likitajwa Bungeni, waziri atauliza mambo manne, na majibu yake yawe tayari. Ardhi ni ya nani: je, halmashauri imelikabidhi eneo kwa Jeshi la Polisi kwa maandishi, limepimwa, au mwenye shamba wa zamani bado anadai? Ramani ni ya polisi, au fundi alijenga kwa mawazo yake? Kituo cha ngazi ya kata huwa cha Daraja C, na kinahitaji mahabusu zilizotenganishwa kwa wanaume na wanawake, chumba cha silaha, na choo. Je, mhandisi wa halmashauri ametoa mchanganuo wa gharama za kumalizia, wenye tarehe ya karibuni? Na askari watalala wapi? Kituo kisicho na nyumba za askari karibu hufungwa jioni, na wananchi hubaki na jengo lenye bendera mchana na giza usiku.

Mara nyingi Wizara hutaja Mfuko wa Tuzo na Tozo wa Jeshi la Polisi kama chanzo cha fedha za kumalizia vituo vya namna hii. Katibu amsaidie mbunge kuuliza moja kwa moja kama boma lao limeingizwa katika mpango wa mfuko huo, kwa mwaka upi wa fedha, na kwa kiasi gani. Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009 unaweza kupaua au kuweka milango, lakini wananchi wasiahidiwe kwamba utajenga kituo kizima. Na kabla ya kuwachangisha watu kwa boma jipya, pateni kwanza barua ya Kamanda wa Mkoa inayokubali kituo kiwepo hapo na kuahidi askari. Bila barua hiyo, nawasihi msiwachangishe.

Kulisoma jibu na kulifuatilia

Pakueni Taarifa Rasmi ya siku hiyo na msome jibu kwa maandishi, maana linalosikika redioni hukatwa. "Kadiri ya upatikanaji wa fedha" maana yake hakuna fedha iliyotengwa. "Tathmini inaendelea" ni jibu la kufuatilia kwa kuuliza nani anaifanya na itaisha lini. "Limeingizwa katika mpango wa mwaka wa fedha" ni ahadi yenye mwaka, na mwaka huo ukifika liulizwe tena kwa kunukuu tarehe ya jibu la awali. "Namwagiza RPC" ni jibu zuri kuliko yote, lakini agizo lililotolewa Bungeni halijifikishi lenyewe. Katibu aandike barua ndani ya wiki hiyo kwa kamanda, akiambatisha ukurasa wa Taarifa Rasmi na kuomba siku ya kukutana.

Jibu lisomwe katika mkutano wa mtaa unaofuata, lote, hata kama halipendezi. Waliochukua hatari ya kuripoti wana haki ya kulisikia. Wale akina mama wa njia ya stendi waulizwe kama wameiona doria, na majibu yao yaandikwe daftarini kwa tarehe, kwa sababu daftari hilo ndilo litakalotoa swali linalofuata.

Watendaji huhamishwa, wenyeviti hubadilishwa kwa uchaguzi, na ofisi ya mbunge huhama uchaguzi mkuu unapopita. Jalada la usalama la kata, likiwa na daftari, barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, mihtasari na majibu ya Bunge, likabidhiwe kwa maandishi siku ya makabidhiano, na aliyepokea asaini. Nakala ya pili ikae kwa mtendaji wa kata. Daftari la majina likabidhiwe peke yake, mkono kwa mkono, mbele ya afande wa kata, na ufunguo wa kabati ubadilishwe siku hiyo hiyo.